Kasa na ndege wasioonekana tena hawajafa wote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie hesabu moja inayokosewa mara kwa mara katika taarifa za wanyama wanaotiwa alama, kuanzia ndege wa misitu ya Usambara Mashariki hadi kasa wa pwani ya Pangani na Saadani. Taarifa huandikwa hivi: wanyama 100 walitiwa alama, mwaka uliofuata wakaonekana 30, kwa hiyo 70 wamekufa. Maneno hayo yakishatoka kwenye ripoti huingia kwenye semina, kutoka kwenye semina huingia gazetini, na mwisho wake kijiji fulani kinalaumiwa kwa kumaliza wanyama ambao huenda wengi wao wako hai. Hesabu hiyo si sahihi. Kuirekebisha hakuhitaji mashine kubwa, kunahitaji daftari linalotunzwa vizuri na angalau awamu tatu za kunasa.

Ili mnyama mwenye alama aonekane tena, mambo mawili lazima yatimie. Awe hai na awe bado anakaa eneo lile. Halafu, akiwa hai na yupo, anaswe katika siku zile mlizokuwepo na nyavu zenu. Asilimia 30 ya waliorudi ni zao la mambo hayo mawili, yaani uwezekano wa kuishi mara uwezekano wa kunaswa. Kama walioishi ni 0.9 na nyavu zilinasa theluthi moja ya waliokuwepo, jibu ni 0.3. Kama walioishi ni 0.4 na nyavu zilinasa robo tatu, jibu ni 0.3 vilevile. Kundi la kwanza linastawi, la pili liko hatarini, na takwimu ya waliorudi ni ileile. Anayetangaza vifo kwa takwimu hiyo peke yake amechukulia kwamba alimnasa kila mnyama aliyekuwa hai, jambo ambalo msituni halitokei.

Mwalimu mwenye daftari la mahudhurio anaijua njia ya kutoka hapo. Mwanafunzi aliyekuwepo Jumatatu, akakosekana Jumanne, akaonekana Jumatano, ni wazi Jumanne alikuwa hai, hakufika tu. Idadi ya wanafunzi wa aina hiyo ndiyo inayomwonyesha mwalimu ni wangapi wanaokosekana ilhali wapo. Kwa wanyama tunafanya hivyohivyo. Kila mnyama anapewa mstari wake, na kila awamu ya kunasa inapewa safu yake: 1 kama alinaswa, 0 kama hakunaswa. Aliyeonekana awamu ya kwanza na ya tatu ila si ya pili anaandikwa 101. Hiyo sifuri ya katikati ina thamani kuliko namba nyingine yoyote katika daftari zima.

Chukua mfano huu wa namba za kutunga, ili hesabu ionekane wazi. Mwaka wa kwanza ndege 100 wa aina moja wanavishwa pete. Mwaka wa pili wananaswa 30 kati yao, pamoja na wapya 50 ambao nao wanavishwa pete. Wote 80 wanaachiwa. Mwaka wa tatu, kati ya hao 80, wananaswa 24. Mwaka huohuo wa tatu wanajitokeza pia ndege 9 wa mwaka wa kwanza ambao mwaka wa pili hawakuonekana kabisa. Hao ndio wenye rekodi ya 101.

Sasa angalia. Ndege 80 ambao tuna hakika walikuwa hai mwaka wa pili walitoa 24 mwaka wa tatu, sawa na asilimia 30. Ndege waliokuwa hai mwaka wa pili lakini wakapishana na nyavu nao tunatarajia watoe asilimia 30 hiyohiyo. Kama 9 ni asilimia 30 ya kundi lao, basi kundi lao lilikuwa na ndege 30. Kwa hiyo ndege wa mwaka wa kwanza waliokuwa hai mwaka wa pili ni 30 walionaswa na 30 waliokwepa, jumla 60. Kiwango cha kuishi ni 60 kwa 100, yaani 0.60, na uwezekano wa kunaswa mwaka wa pili ni 30 kwa 60, yaani 0.50. Ripoti ya haraka ingetangaza vifo 70. Makadirio sahihi ni 40, na hata ndani ya hao 40 wamo waliohama wakiwa wazima.

Tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza. Ndege mwenye kiwango cha 0.60 kwa mwaka ana wastani wa miaka miwili hivi mbele yake, mwenye 0.30 ana miezi kumi tu. Mpango wa kuokoa msitu unaojengwa juu ya namba ya pili utaanza kutafuta muuaji ambaye hayupo.

Hesabu hii haikuanza jana. Mwanatakwimu Cormack aliichapisha mwaka 1964 katika utafiti wake wa kukadiria uhai wa wanyama wenye alama, na mwaka uliofuata, 1965, Jolly na Seber, kila mmoja kwa upande wake, wakaipanua. Ndiyo maana wataalamu huita njia hii kwa majina yao matatu. Leo inafanywa na programu za kompyuta, maarufu ikiwa ni MARK ya Gary White wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ambayo hutolewa bure. Lakini programu haiongezi kitu ambacho hakimo kwenye daftari, na mtu asiyeweza kuufanya mfano wa juu kwa kalamu hatajua programu inapompa jibu la ovyo.

Kuna jambo moja katika mfano huo ambalo hupuuzwa sana. Kati ya mwaka wa pili na wa tatu tunajua tu kwamba 24 kati ya 80 walirudi. Je, 0.30 hiyo ni kuishi kwa 0.6 na kunaswa kwa 0.5, au ni kuishi kwa 0.9 na kunaswa kwa theluthi? Hakuna njia ya kujua mpaka mwaka wa nne ufike na kuleta sifuri za katikati za mwaka wa tatu. Ikiwa viwango vyote viwili vinaachwa vibadilike kila mwaka, kipindi cha mwisho siku zote hubaki kimefungwa hivyo. Mradi wa miaka miwili hauwezi kabisa kutenganisha vifo na kutonaswa. Wa miaka mitatu unatoa kadirio moja, wa minne mawili. Wafadhili wanaotoa fedha za msimu mmoja na kudai takwimu ya vifo mwishoni wanadai kitu kisichowezekana, na ni vizuri waambiwe hivyo kabla mkataba haujasainiwa.

Na upana wa makadirio nao utajwe. Katika mfano wetu wa ndege 100, ile 0.60 inazungukwa na wigo wa takriban 0.4 hadi 0.8. Chanzo cha upana huo ni wale ndege 9: wangekuwa 6 jibu lingeshuka hadi 0.50, wangekuwa 12 lingepanda hadi 0.70. Ndege watatu tu wameibeba tofauti yote hiyo. Ripoti inayosema kiwango kimeshuka kutoka 0.60 hadi 0.52 bila kutaja wigo haijasema chochote.

Mkoa wetu wa Tanga una mfano wa kujivunia katika kazi hii. Mtafiti William Newmark na wenzake walianza mwaka 1987 kunasa na kuvisha pete ndege wa tabaka la chini katika misitu ya Usambara, wakilinganisha vipande vidogo vya msitu vilivyozungukwa na mashamba na msitu mkubwa usiokatika, na kazi hiyo ikaendelea kwa zaidi ya miaka 20. Ni muda huo mrefu unaowezesha kuona kama ndege katika kipande kidogo wanaishi muda mfupi kuliko wenzao wa msitu mkubwa, kwa sababu chozi na ndege wengine wadogo wa vichakani hawatoi jibu kwa msimu mmoja. Vikundi vya vijana na kamati za misitu za vijiji zinazotaka kufuata njia hiyo zinahitaji kibali cha utafiti, pete zenye namba zisizojirudia, na mtu aliyefundishwa kumtoa ndege wavuni. Zaidi ya hapo zinahitaji nidhamu ya kurudia jambo lilelile kwa namna ileile.

Nyavu zinazotumika ni nyembamba, nyeusi, za nailoni, aghalabu za mita 12 kwa urefu na mita 2.5 hivi kwa kimo, zenye mifuko minne inayolegea ambamo ndege huangukia. Husimamishwa kati ya nguzo mbili katika njia iliyofyekwa ndani ya msitu na kufunguliwa alfajiri. Idadi ya nyavu, mahali pa kila wavu na saa za kufungua na kufunga zinapaswa kubaki vilevile mwaka hadi mwaka, na zikibadilika ziandikwe. Kipimo ni saa za nyavu: nyavu 10 kwa saa 5 ni saa 50. Mvua ikinyesha nyavu hufungwa, maana ndege aliyelowa wavuni hufa kwa baridi. Sasa fikiria mwaka wa masika mazito ambapo nyavu zilifunguliwa nusu tu ya muda. Badala ya 30, wananaswa 15. Anayehesabu waliorudi atatangaza maafa. Anayetumia rekodi za 101 ataona kwamba walioishi ni walewale ila uwezekano wa kunaswa umepungua, kwa sababu wengi wa waliokosekana watajitokeza mwaka unaofuata. Nyavu zikaguliwe kila nusu saa au chini ya hapo. Katika misitu yetu hatari haiishii kwenye jua na baridi: siafu wakipita chini ya wavu humaliza ndege aliye kwenye mfuko wa chini kwa dakika chache, kwa hiyo mfuko huo usiguse ardhi wala majani. Ndege aliyefia wavuni asifutwe daftarini. Aandikwe kwamba alinaswa ila hakuachiwa, vinginevyo hesabu itamchukua kama ndege aliyepotea msituni na kuushusha uhai wa wenzake.

Namba ya pete isomwe kwa sauti, mwandishi airudie, msomaji aithibitishe ndipo ndege aachiwe. Kosa la tarakimu moja linazalisha ndege hewa. Mara nyingine namba iliyosomwa vibaya haimo kabisa kwenye orodha, na hilo ni afadhali kwa sababu linagundulika. Mbaya zaidi ni pale inapoangukia namba ya ndege mwingine aliyekufa miaka mitatu iliyopita. Ndege huyo anafufuka daftarini, sifuri zake zote za nyuma zinageuka kuwa ushahidi kwamba alikuwa hai akikwepa nyavu, na kiwango cha kuishi kinapanda bila sababu. Ndiyo maana aina, jinsia, uzito na urefu wa bawa viandikwe kila mara, hata kwa ndege anayejulikana: ndege wa gramu 10 hawezi kurudi akiwa na gramu 30.

Kosa jingine ni wapita njia. Ndege wachanga wanaotafuta pa kukaa, na wale wanaoteremka kutoka milimani wakati wa kipupwe, hunaswa mara moja na hawaonekani tena, si kwa kufa bali kwa sababu hapo hapakuwa kwao. Kuwatambua ni rahisi ukirudi kwenye mfano wetu. Kati ya wale 24 wa mwaka wa tatu, tuseme 9 walitoka katika 30 wa zamani na 15 katika 50 wapya: pande zote mbili ni asilimia 30, hakuna tatizo. Lakini kama wapya waliorudi wangekuwa 5 tu kati ya 50, huku wa zamani ni 9 kati ya 30, asilimia 10 dhidi ya 30, basi sehemu kubwa ya wapya walikuwa wakipita. Hapo kipindi cha kwanza baada ya kuvishwa pete kipewe kiwango chake, na vipindi vinavyofuata vipewe kingine. Hicho cha pili ndicho cha wakazi. Kuwachanganya kunashusha uhai wa wakazi bure. Mtihani huu ufanywe kabla ya kuanza kuchagua modeli, yaani muundo wa hesabu utakaotumika, na mara nyingi haufanywi kabisa.

Ndege pia hujifunza. Aliyenaswa leo kesho anauruka wavu uleule, ndiyo maana kituo kimoja kisifunguliwe siku nyingi mfululizo. Siku mbili au tatu zinatosha. Panya hufanya kinyume chake: wakishaonja siagi ya karanga iliyochanganywa na mahindi ndani ya mtego wa sanduku, hurudi kila usiku. Habari njema ni kwamba tabia hizi huharibu zaidi makadirio ya idadi ya wanyama kuliko makadirio ya uhai. Kwa hiyo mwenye data zenye kasoro ya namna hiyo asikimbilie kuzitupa. Huenda hawezi kusema wako wangapi, lakini bado anaweza kusema wanaishi kwa kiwango gani.

Kwa panya, mpangilio mzuri wa kuiga uko Morogoro, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wamekuwa wakitega panya wa mashambani tangu miaka ya 1990: mitego 300 kwa umbali wa mita 10 katika hekta 3, usiku tatu mfululizo, kila mwezi. Ndani ya usiku tatu panya hawana muda wa kufa au kuhama kwa wingi, kwa hiyo marudio ya usiku hadi usiku yanatoa uwezekano wa kunaswa. Kati ya mwezi na mwezi ndipo vifo na uhamaji vinapohesabiwa. Pollock ndiye aliyependekeza mpangilio huu wa ngazi mbili mwaka 1982, nami naona ungewafaa sana wanaochunguza panya wa Lushoto, wilaya ambayo tauni iliisumbua kwa miaka mingi kuanzia 1980. Hapo tahadhari moja: kiwango cha mwezi kisisomwe kama cha mwaka. Kuishi kwa 0.95 kwa mwezi kunasikika kama usalama mtupu, lakini 0.95 ikizidishwa yenyewe mara 12 ni 0.54. Karibu nusu ya panya hao hawamalizi mwaka.

Kasa ni somo gumu kuliko yote. Ufukwe wa Madete ndani ya Hifadhi ya Taifa Saadani ni mahali panapojulikana kwa kutaga kasa, na kasa jike anapopanda kutaga ndipo huvishwa kipande cha chuma chenye namba kwenye kasia lake, yaani mguu wake wa mbele wa kuogelea. Lakini kasa hatagi kila mwaka. Wengi hupumzika miaka miwili, mitatu au minne kabla ya kurudi, ingawa msimu anaotaga hupanda ufukweni mara kadhaa, kila baada ya wiki mbili hivi. Kwa hiyo kasa aliyeonekana mwaka huu karibu hana nafasi ya kuonekana mwakani, na hilo si kukwepa doria, ni maumbile yake. Hesabu ya kawaida haifai hapa bila marekebisho: lazima kasa awekwe katika hali mbili, anayetaga na anayepumzika, na kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine kukadiriwe kwa kutumia marudio ya ndani ya msimu. Rekodi za miaka 10 ni mwanzo tu. Anayesema mwaka wa pili kwamba kasa wamekwisha kwa sababu hawajarudi hajaelewa mnyama anayemhesabu. Kasa dume tena hawapandi ufukweni kabisa, hivyo makadirio yote ya ufukweni ni ya majike peke yake, na ripoti iseme hivyo.

Kisha kuna kupotea kwa alama zenyewe. Kipande cha chuma humomonyoka kwa maji ya chumvi au hung'oka pamoja na nyama kidogo ya kasia, na kasa aliyepoteza alama anarudi kama mgeni. Dawa yake ni kuvisha vipande viwili, kimoja kila kasia, na kuandika kila anaporudi kama anavyo vyote au kimoja. Tuseme wanarudi kasa 24 wenye vyote viwili na 12 wenye kimoja. Watu wengi huhesabu vipande 60 vilivyobaki kati ya 72 na kupata 0.83. Wanakosea, kwa kuwa waliopoteza vyote viwili hawamo kwenye orodha. Hesabu sahihi ni kuzidisha 24 kwa 2 kupata 48, kisha kugawanya kwa 48 ukijumlisha 12, yaani 48 kwa 60: 0.80. Kila kipande kina uwezekano wa asilimia 20 wa kupotea, na vyote viwili asilimia 4. Maana yake, kasa wanaoishi kwa kiwango cha 0.80, kama wangevishwa kipande kimoja tu, wangeonekana kuishi kwa 0.64. Kwa vipande viwili wangeonekana kuishi kwa 0.77, kasoro inayoweza kurekebishwa. Kipande cha pili ni gharama ndogo, na bado kuna miradi inayoiona ni anasa.

Sina nafasi ya kutosha kwa mbu, lakini ni aibu kuandika barua hii kutoka Muheza bila kuwataja. Eneo hilihili ndiko mtafiti wa mbu Gillies alikofanya majaribio yake ya kutia alama mbu wa malaria, kuwaachia na kuwanasa tena, akayachapisha mwaka 1961. Kwa mbu, kipimo ni cha siku, kwa sababu vimelea vya malaria vinahitaji takriban siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza. Mbu wanaoishi kwa 0.9 kwa siku, theluthi yao hivi hufikisha siku 10. Wanaoishi kwa 0.8, ni mmoja tu kati ya kumi. Punguzo dogo la uhai wa siku linapunguza maambukizi mara tatu, na huo ndio uzito wa kukadiria namba hii bila kukosea.

Wenye daftari zilizojaa makabatini nawasihi waziingize kwenye kompyuta, kwa uangalifu huu. Katika lahajedwali kama Excel, safu ya rekodi iwekwe kwanza kuwa ya maandishi, si ya namba. Vinginevyo 0110 inageuka kuwa 110, awamu ya kwanza inapotea, na mnyama mzima anasogea nyuma mwaka mmoja. Rekodi yenye tarakimu zaidi ya 15 inaharibika vibaya zaidi, kwa kuwa tarakimu za mwisho hugeuzwa sifuri kimyakimya. Faili la MARK lina mistari ya namna hii, kwa mfano wetu: 111 9, 110 21, 101 9, 100 61, 011 15, 010 35, kila mmoja kwenye mstari wake. Namba ya pili ni idadi ya wanyama wenye rekodi hiyo, na nukta mkato (;) mwishoni mwa kila mstari isisahaulike. Mnyama aliyekufa mtegoni idadi yake hupewa alama ya kutoa: 110 -1, ndivyo programu inavyojua kwamba hakuachiwa. Kama awamu hazikulingana muda, kwa mfano miezi 12, kisha 18, kisha 9, urefu wa vipindi uelezwe, la sivyo kipindi kirefu kitaonekana kuwa cha vifo vingi. Anza na modeli nne: kuishi kusikobadilika au kunakobadilika, na kunaswa vivyo hivyo. Modeli mbili zikitofautiana kwa chini ya 2 katika AIC, kipimo cha kulinganisha modeli, usiitupe mojawapo kana kwamba imeshindwa.

Nimesema mara kadhaa kwamba kufa na kuhama vinachanganyika, kwa kuwa nyavu zetu haziwezi kujua ndege aliyeondoka msitu wa Amani kama amekufa au amehamia msitu wa ng'ambo ya bonde. Kwa kasa ipo njia ya kutenganisha, nayo iko mikononi mwa wavuvi. Kasa wenye alama hunasa kwenye majarife na wengine husukumwa ufukweni wakiwa wamekufa. Taarifa ya kasa aliyekufa ikiunganishwa na rekodi za waliotaga wakiwa hai, makadirio ya vifo halisi yanawezekana. Burnham alionyesha namna ya kuziunganisha mwaka 1993. Tatizo ni kwamba kasa analindwa kisheria na mvuvi anaogopa kupeleka kipande asije akashtakiwa, kwa hiyo vipande vingi hutupwa baharini pamoja na taarifa yake. Maofisa uvuvi wanaweza kuondoa hofu hiyo kwa kutangaza wazi kwamba kuleta namba si kukiri kosa, na vikundi vya BMU, yaani vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi ufukweni, vinaweza kuzipokea bila kuuliza jina la aliyezileta. Kinachohitajika ni mambo manne tu: namba iliyo kwenye kipande na maandishi ya upande wa pili, tarehe, mahali alipookotwa au aliponasa, na kama alikuwa hai au amekufa. Kama kasia moja lina kipande na jingine lina tundu au kovu, hilo nalo liandikwe, maana ni ushahidi wa kipande kilichopotea.

Mtafiti wa wanyamapori,
Muheza, Tanga